Kurasa Mbili kwa Pamoja

Kila mwaka Mwalimu Teodosio alipofika ukurasa wa themanini na tatu
alikohoa, akalamba kidole,
akafunua kurasa mbili kwa pamoja,
tukajikuta kwenye magonjwa ya viazi.
Dada zetu walikisikia kikohozi kile.
Tulikirithi pamoja na madawati.

Kwa hiyo siku zangu zilipoingia,
nikichunga lama juu ya Wilaqullu,
nilijua mengi ya kiazi.
Nilidhani nimepasuka mahali.
Nikajifunga soksi ya kaka yangu,
nikateremka polepole kama aliyebeba yai,
nikakosa shule siku nne
kwa kusingizia jino.

Aliyeanza ni Saturnina, wala si kwa hotuba.
Alikuwa darasa la mwisho, mkali, anadaiwa ada ya bweni.
Alichana karatasi ile kitabuni mwake kwa wembe
akaibandika mlangoni mwa choo chetu, upande wa ndani.
Mkuu wa shule akaibandua Jumanne.
Jumatano usiku tulikuwa sita, tunanakili kwa mkono.
Wara alichora: mfuko wa uzazi ukatoka kama kichwa cha fahali,
tukacheka mpaka mshumaa ukazimika.
Eulogia alitafsiri kwa Kiaymara,
akakwama neno la kwanza,
maana kwetu wekundu na damu ni neno lilelile, wila,
na kilima tulichozaliwa chini yake kimebeba jina hilo.
"Basi," akasema, "tumelitaja tangu utotoni
kila tulipoulizwa, kwenu wapi?"

Primitivo, mwana wa fundi cherehani,
alileta vipande vya flana huku akitazama viatu vyake.
Hatukumuuliza kitu. Akashona mia na ishirini.
Wavulana wakampachika jina. Akaliitikia.

Jumamosi tukapanda Janqokala,
shule ya chumba kimoja, bati lake likipigana na upepo.
Wasichana kumi na mmoja, mikono chini ya mapaja.
Na nyuma, karibu na mlango, mama zao,
waliokuja kuhakikisha hatusemi uchafu,
wanasokota sufu bila kutazama mikono.
Nikasema. Sauti ilinitoka kama ya mwanambuzi.
Nikasema mwezi, nikasema damu, nikasema sabuni:
usikianike kitambaa chini ya godoro,
kitoe nje, jua halina umbea.
Hakuna msichana aliyeuliza.

Kisha pia moja ikaacha kuzunguka.
Casimira, mama wa watoto saba,
akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya chumvi:
"Kumbe si kidonda?"

Watoto saba.
Miaka thelathini akiamini ana jeraha ndani
lisilopona, lisilosemeka,
na kwamba ni lake peke yake.

Jibu lilikuwepo, mstari wa tisa.
Nikaitazama karatasi, nikamwona fahali wa Wara,
herufi zikanikimbia.
Aliyesimama ni binti yake, benchi la mbele.
Akaninyang'anya karatasi, akaipeleka nyuma,
wakaiinamia wawili, kofia ya mama na nywele za mtoto,
kidole kidogo kikitembea juu ya mchoro:
hapa, mama. Halafu hapa.

Tuliteremka gizani. Saturnina alihesabu:
vitambaa vimebaki vichache, shule zimebaki tisa,
na deni la bweni liko palepale.
Primitivo aliuliza kama flana nyekundu itafaa,
maana nyeupe imekwisha dukani kwa baba.
Tukacheka tena, safari hii bila mshumaa wa kuzima.

Jumatatu, ukurasa wa themanini na tatu,
Mwalimu Teodosio akakohoa.
Darasa zima likakohoa naye.

Akainua macho,
kidole kimelowa,
kimesimama hewani juu ya kitabu.